Giza katika Wimbo Ulio Wazi: Utata wa Maneno katika "Malaika" na "Charonyi ni Wasi"

Utangulizi

Miongoni mwa masuala ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyapa nafasi finyu ni lile la maneno yasiyosikika au yasiyofahamika barabara katika nyimbo za kisasa. Mhakiki wa ushairi andishi huanza kazi akiwa na matini mbele yake. Vina na mizani vimekwisha kupangwa, na akikwama kwenye neno hufungua kamusi. Mhakiki wa wimbo wa gitaa hana bahati hiyo. Kabla ya kuuliza wimbo una maana gani, hana budi kuuliza kwanza unasema nini, na aghalabu swali hili la pili ndilo gumu zaidi. Hata hivyo, katika tahakiki nyingi swali hilo hurukwa. Maneno hunakiliwa kutoka katika kijitabu cha nyimbo au katika kumbukumbu, kisha uchambuzi ukaendelea kana kwamba matini ilikuwapo tangu awali.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia nyimbo mbili zilizopata umaarufu mkubwa nchini Kenya, zote mbili zikihusishwa na waimbaji wenye asili ya Taita Taveta, eneo lililokuwa wilaya na ambalo ni kaunti tangu mwaka 2013. Wimbo wa kwanza ni "Malaika", uliotiwa katika santuri na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wa pili ni "Charonyi ni Wasi" wa bendi ya Maroon Commandos chini ya uongozi wa Habel Kifoto, uliovuma mwaka 1977. Wimbo wa kwanza umetungwa kwa Kiswahili, na karibu kila msikilizaji wa Afrika Mashariki huamini kwamba anauelewa. Wa pili umeimbwa kwa Kidawida, lugha ambayo wengi wa walioucheza na kuuimba hawakuijua.

Dai la makala ni kwamba hali halisi ni kinyume cha dhana hiyo. Wimbo unaodhaniwa kuwa wazi una giza zito katika sehemu zake muhimu, ilhali wimbo unaodhaniwa kuwa na giza ulifahamika kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokubaliwa. Ikiwa dai hilo ni la kweli, basi giza la wimbo halipimwi kwa ugeni wa lugha peke yake, bali hupimwa pia kwa umbali uliopo baina ya msikilizaji na hali ya maisha iliyouzaa wimbo.

Fumbo, utata na ukungu

Ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni fumbo. Fumbo ni giza linalowekwa na mtunzi kwa makusudi, akijua kwamba baadhi ya wasikilizaji wataling'amua na wengine hawataling'amua. Mapokeo ya Kiswahili yana hazina kubwa ya fumbo, kuanzia mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi taarabu ya Unguja, Tanga na Mombasa yenyewe. Methali isemayo kwamba fumbo hufumbiwa mjinga na mwerevu huling'amua inaonyesha jinsi jamii inavyoichukulia mbinu hii. Fumbo lina mwenyewe, na lina ufunguo.

La pili ni utata. Huu hautokani lazima na nia ya mtunzi. Hutokana na lugha yenyewe pale umbo moja linapobeba maana mbili au zaidi. William Empson, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu aina saba za utata, alionyesha kwamba jambo hili si dosari ya ushairi bali ni sehemu ya uhai wake. Mifano ya Empson, hata hivyo, ilitoka katika ushairi ulioandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ambishi, kina njia zake cha kuzalisha utata, hasa ndani ya kitenzi, na njia hizo hazitaonekana kwa mhakiki anayeazima vigezo bila ya kuviwekea misingi ya sarufi ya Kiswahili.

La tatu ni ukungu. Ukungu ni giza la utendaji: sauti ya mwimbaji iliyofunikwa na ala, matamshi yaliyoburutwa na lahani, mtambo duni wa kunasia sauti, au santuri iliyochakaa. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fani ya kisimulizi haiwezi kutenganishwa na muktadha wa utendaji wake, yaani fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Wimbo ulionaswa katika santuri unaikabili kanuni hiyo kwa namna ya pekee. Utendaji mmoja hugandishwa, kisha husikilizwa mahali pengi, na hadhira nyingi, kwa miaka mingi. Hadhira hizo haziwezi kumsimamisha mwimbaji na kumuuliza amesema nini.

Makosa ya sikio na somo la roki

Suala la ukungu limejadiliwa sana kuhusiana na muziki wa roki wa Marekani na Uingereza. Mwaka 1954 mwandishi wa Kimarekani Sylvia Wright alisimulia jinsi alivyokuwa akisikia, utotoni, jina la bibi ambaye hakuwamo kabisa katika shairi la kale la Kiskoti alilosomewa. Sikio lilikuwa limeunganisha maneno mawili matatu na kumzua mtu. Jina la bibi huyo limekuja kuwa istilahi ya kosa la aina hii.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa wimbo "Louie Louie", uliotungwa na Richard Berry katika miaka ya 1950 na kurekodiwa upya na kundi la Kingsmen mwaka 1963. Katika toleo la Berry maneno yanasikika vizuri: baharia anazungumza na mhudumu wa baa kuhusu mpenzi aliyemwacha ng'ambo ya bahari. Katika toleo la Kingsmen mwimbaji hasikiki barabara, na vijana wakaanza kusambaza maneno ya matusi waliyodai kuyasikia. Malalamiko ya wazazi yalifika serikalini, na Shirika la Upelelezi la Marekani likaisikiliza santuri hiyo kwa kasi mbalimbali. Hatimaye lilikiri kwamba maneno hayatambulikani kwa kasi yoyote.

Mfano huu una funzo kwa uhakiki. Wapelelezi walikuwa na mitambo, lakini walikosa swali lililo sahihi. Waliitafuta maana ndani ya santuri, ilhali toleo la awali la wimbo uleule lilikuwapo, likieleza wazi hali ya mtu aliye mbali na mpenziwe. Aliyeanza na hali hiyo angeweza kuyasikia mengi ambayo mtambo haukuyapata. Msikilizaji husikia kwa sikio lililokwisha kuandaliwa. Aliyetarajia matusi alisikia matusi. Je, waliotarajia wimbo mtamu wa mapenzi tu walisikia nini katika "Malaika"?

"Malaika": giza ndani ya sarufi

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika eneo la Taita na kufariki jijini Nairobi mwaka 2001. Jina lake la tatu lenyewe ni tangazo la asili, kwa kuwa Mdawida ni mtu wa Dawida, jina ambalo Wataita wa milimani hujiita. Utunzi wa "Malaika" umezua ubishi wa muda mrefu, na miongoni mwa wanaotajwa kuwa watunzi ni Adam Salim wa Tanganyika na Lucas Tututu wa Mombasa. Ubishi huo si lengo la makala haya, ila unathibitisha jambo moja lililo muhimu hapa: wimbo huu umeishi katika vinywa vya watu wengi, na wanaodaiwa kuwa chanzo chake hawatoki mahali pamoja. Kwa hiyo si rahisi kuondoa utata wake kwa kukimbilia nia ya mtunzi. Hata kama nia ingeweza kuwa hakimu, haijulikani ni nia ya nani itakayoitwa barazani.

Utata wa kwanza ni wa kimsamiati, nao unaanzia katika neno la kichwa. Malaika ni kiumbe wa mbinguni na ni jina la kumbembeleza mpenzi. Lakini katika Kiswahili neno hilo pia hutumiwa kwa mtoto mchanga asiye na dhambi, hasa aliyefariki, na tena kwa vinyweleo laini vya mwilini. Maana ya pili inaupa wimbo kivuli cha kufiwa ambacho msikilizaji wa pwani hukihisi hata kama hakitaji. Halikadhalika neno "kidege" linalotumiwa kumwita mpenzi lina kiambishi cha udogo kinachodokeza mapenzi, lakini ndege katika Kiswahili ni ishara ya bahati pia, njema au mbaya. Anayeitwa kwa jina hilo ni mpenzi, au ni mjumbe anayetumwa kwa mpenzi, au ni dalili ya jambo litakalotukia. Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, yenye njiwa na tausi wengi, yanaelemea maana ya mpenzi, lakini hayazifuti zile nyingine.

Utata wa pili ni wa kisintaksia. Katika mahali ambapo nafsineni anaeleza kushindwa kwake, neno "na" linatokea baina ya kitenzi cha kushindwa na nomino "mali", na kauli inamalizika kwa kukana umiliki pamoja na silabi "we". Ili kuuona utata bila ya kutegemea lahani, na itazamwe sentensi ya kawaida: Amechoka na kazi hana. Kituo kikiwekwa baada ya "kazi", mtu huyo amechoshwa na kazi, na hana kitu. Kikiwekwa baada ya "amechoka", mtu huyo amechoka na, juu ya hayo, hana kazi. Herufi ni zilezile, maisha ni tofauti. Ndivyo ilivyo katika wimbo. Ama mali yenyewe ndiyo iliyomshinda nafsineni, kana kwamba ni hasimu aliyepigana naye, ama ameshindwa tu na, zaidi ya hayo, hana mali. Silabi "we" nayo inaweza kuwa ufupisho wa "wewe" unaomwita mpenzi, au kiitikio kisicho na maana ya kileksika, au yambwa ya kule kukosa, yaani kinachokosekana ni mpenzi mwenyewe. Mwimbaji havuti pumzi mahali ambapo mwandishi angeweka kituo.

Utata wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao umo ndani ya neno moja, kitenzi "hukuwaza" anachoambiwa kidege. Kitenzi hiki kinaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili zilizo sahihi kabisa. Kwa njia ya kwanza, "hu-" ni kiambishi cha hali ya mazoea na "-ku-" ni yambwa ya nafsi ya pili: kuna mtu ambaye kila mara anamfikiria mpenzi. Kwa njia ya pili, "hu-" ni kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya pili umoja na "-ku-" ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi: wewe mpenzi hukufikiri. Ya kwanza ni kauli ya mapenzi, ya pili ni shutuma. Mkazo wa Kiswahili hausaidii, kwa sababu katika njia zote mbili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maandishi hayasaidii, kwa kuwa tahajia ni moja. Mwimbaji anayeliondoa umbo hilo na kutia kiambishi cha nafsi ya kwanza mahali pa "hu-" hasahihishi wimbo, bali anachagua maana moja na kuiua nyingine.

Je, mhakiki aachie zote mbili? Hapa ndipo panapohitajika kipimo. Utata wa "na mali" unaweza kuitwa utata unaokutana, kwa maana njia zake zote zinafika mahali pamoja: umaskini. Utata wa "hukuwaza" ni utata unaoachana, kwa maana unabadilisha wa kulaumiwa. Katika utata unaokutana hakuna haja ya hukumu. Katika utata unaoachana ushahidi wa ndani ya wimbo hauna budi kuulizwa. Ushahidi huo unaelemea maana ya mazoea. Mahali pengine katika wimbo nafsineni anatumia kiambishi cha masharti "-nge-" kuhusu tendo la kuoa, na kinachozuia tendo hilo ni pesa wala si moyo wa mpenzi. Aidha, hali ya mazoea haitaji nafsi ya mtendaji. Anayewaza hana kiambishi kinachomsimamia, na jambo hilo linaafikiana na hali ya mtu aliyenyimwa uwezo wa kutenda. Maana ya shutuma isifutwe, kwa kuwa sarufi inairuhusu na baadhi ya wasikilizaji wanaisikia, lakini ibaki kivuli.

Wimbo katika vinywa vya ugenini

Kusafiri kwa "Malaika" nje ya Afrika Mashariki kunaonyesha tofauti kati ya utata na ukungu. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la roki la Hep Stars la Uswidi, alilokuwamo Benny Andersson kabla ya kundi la ABBA, nalo liliurekodi katika miaka hiyo ya 1960. Boney M. walifuata mwaka 1981 na Angélique Kidjo mwaka 1991. Wengi wa waimbaji hawa hawakuwa wasemaji wa Kiswahili. Kwao maneno yalikuwa sauti kwanza, na maana iliwafikia kwa njia ya tafsiri fupi. Palipokuwa na utata, tafsiri ililazimika kuchagua. Na kwa kawaida ilichagua maana nyororo.

Jambo moja lilitokea hapo ambalo wasikilizaji wa ng'ambo hawakuwa na njia ya kuliona. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi cha kuoa katika wimbo kiko katika kauli ya kutenda, kwa hiyo nafsineni ni mwanamume bila shaka yoyote. Makeba na Kidjo walipokiimba kitenzi hicho, sauti ya mwanamke ilibeba kauli ya mwanamume maskini. Kwa sikio la Kizungu huo ulikuwa wimbo wa mwanamke anayempenda mtu. Kwa sikio la Kiswahili ulikuwa na tabaka mbili: mwanamke anayeyatamka maneno aliyoambiwa, au ambayo angependa kuambiwa. Hili si kosa la waimbaji wala si ukungu wa santuri. Ni maana mpya iliyozaliwa na utendaji, na inaonekana tu kwa anayeijua kauli ya kutenda na ya kutendwa.

Kinachopotea katika safari hiyo ni uzito wa maneno "mali" na "pesa". Katika tafsiri nyingi yanakuwa fedha tu, na kijana anakuwa mtu aliyeishiwa. Kumbe mali inayozungumziwa ni ya kuolea. Katika desturi ya Wataita, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Kibantu, mali hiyo ilihesabiwa kwa mifugo na ilizifunga koo mbili kwa muda mrefu. Wimbo unapoitaja mali na pia kuitaja pesa, unaziweka pamoja hesabu mbili za thamani: ile ya zizi na ile ya mshahara. Msikilizaji asiyelijua hilo anayasikia maneno yote na bado hausikii wimbo.

"Charonyi ni Wasi": uwazi ndani ya lugha ngeni

Maroon Commandos ni bendi ya wanajeshi wa kikosi cha 7 cha Kenya Rifles, iliyoanzishwa mwaka 1970. Habel Kifoto, aliyeiongoza kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2011, alikuwa Mtaita. Nyimbo nyingi za bendi hiyo ni za Kiswahili, lakini "Charonyi ni Wasi" uliimbwa kwa lugha ya kwao na ukapendwa nchi nzima. Inaelezwa kwa kawaida kwamba wimbo unapendwa kwa mdundo wake, magitaa yake na tarumbeta zake, na kwamba maneno hayakuwa na kazi kwa wasio Wataita. Maelezo hayo yanastahili kupingwa.

Na yatazamwe maneno matatu ya kichwa, kwa kuwa ndiyo yaliyoingia katika vinywa vya watu. La kwanza lina shina "charo", lenye maana ya safari, pamoja na kiambishi tamati cha mahali "-nyi" kinacholingana na "-ni" ya Kiswahili. La pili ni kitenzi kishirikishi "ni", ambacho ni kilekile katika lugha zote mbili. La tatu ni kiarifu kinachoeleza ubaya au ugumu. Kwa jumla kichwa hufasiriwa kuwa ni kauli kuhusu ugumu wa maisha ya safarini au ugenini.

Sasa na wapangwe wasikilizaji. Mdawida anayapata maneno yote. Mmijikenda anajua "charo" ni safari, na anajua kwamba Charo ni jina la mtu, hivyo amepata shina na kishirikishi. Mswahili wa Mombasa amepata kishirikishi na ameishi na kina Charo mtaani. Neno "wasi" halimo katika Kiswahili kwa maana hiyo, lakini sikio la Kiswahili huweza kulipokea kama nusu ya "wasiwasi". Kwa kipimo cha kamusi hilo ni kosa. Lakini ni kosa lisilopotosha, kwa maana aliye ugenini kwenye dhiki ndiye mwenye wasiwasi. Hapa sikio limekosea neno na limepata jambo. Limefanya kinyume kabisa na masikio yaliyosikia matusi katika "Louie Louie".

Kwa nini sikio la aina moja hukosea likapotea na jingine hukosea likafika? Jibu limo katika hali ya msikilizaji. Msikilizaji wa Nairobi au Mombasa wa mwaka 1977 alikuwa, kwa sehemu kubwa, mtu aliyetoka kwao kuja kutafuta kazi. Mwimbaji alikuwa askari, mtu ambaye kuishi mbali na kwao ni sharti la ajira. Hapakuhitajika mkalimani kati yao. Ukungu wa lugha ulipenywa na hali iliyoshirikiwa.

Njia ya Voi

Hali hiyo ina mahali pake na historia yake, na kuzitaja si kuacha uhakiki na kuingia katika jiografia. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilipita Voi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia tawi lilijengwa kutoka Voi kwenda Taveta. Mashamba ya mkonge yalifunguliwa Voi, Mwatate na Taveta. Kodi za kikoloni zilidaiwa kwa fedha taslimu. Mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilitangazwa, na leo zaidi ya nusu ya eneo la kaunti imo ndani ya mipaka ya hifadhi. Mkulima wa milimani aliyepungukiwa na ardhi ya malisho na kudaiwa fedha alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ilishuka hadi stesheni ya Voi. Kutoka hapo palikuwa na upande wa Mombasa na upande wa Nairobi.

Nyimbo hizi mbili zikiwekwa kwenye njia hiyo zinaangaziana. Nafsineni wa "Malaika" hana mali ya kuolea, na pesa zinamhangaisha. "Charonyi ni Wasi" unaeleza mahali ambapo pesa hizo hutafutwa na hali ya anayezitafuta. Mmoja unazungumza kutoka upande wa ndoa isiyofungika, mwingine kutoka upande wa safari isiyo na raha. Si lazima kudai kwamba Kifoto alimjibu Fadhili William. Inatosha kuona kwamba maneno yenye giza katika wimbo wa Kiswahili yanapata mwanga kutoka katika wimbo wa Kidawida. "Mali" inaacha kuwa fedha tu. Kuwaza kwa mazoea kunakuwa kuwaza kwa mtu aliye mbali, ambaye hana tendo jingine analoweza kumfanyia mpenzi. Hata kivuli cha shutuma kinaeleweka: aliye mbali hajui anayebaki nyumbani anafikiri nini, na mara nyingi huhofu kwamba hafikirii kitu.

Pingamizi moja linaweza kutolewa: kwamba kusoma hivi ni kuufunga wimbo wa dunia nzima ndani ya wilaya moja. Pingamizi hilo lina nguvu kidogo tu. Haidaiwi kwamba "Malaika" ni mali ya Wataita, wala kwamba msikilizaji wa Uswidi hana haki ya kuufurahia. Kinachodaiwa ni kwamba miongoni mwa hadhira nyingi za wimbo huu iko moja ambayo usikilizaji wake hautegemei tafsiri, na ambayo uhakiki umeisahau kwa sababu wimbo ulidhaniwa kuwa rahisi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutofahamika kwa maneno ya wimbo si jambo moja. Fumbo hutaka ufunguo, ukungu hutaka sikio na mtambo, utata hutaka sarufi. Na yote matatu hutaka ujuzi wa hali iliyouzaa wimbo. Mhakiki anayeyachanganya atamtafutia nia mtunzi asiyejulikana, au ataisikiliza santuri kwa kasi zote kama wapelelezi wa Marekani, na asipate kitu.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, nyimbo za gitaa za Afrika Mashariki zinahitaji matini za kihakiki, ambamo kila toleo linatajwa kwa mwimbaji na mwaka wake, na tofauti za maneno zinawekwa bayana badala ya kufichwa. Pili, pale umbo linapobeba maana mbili, mhakiki aseme wazi ni utata unaokutana au unaoachana, na atoe ushahidi wa chaguo lake. Tatu, lugha kama Kidawida zisiachwe nje ya uhakiki wa fasihi nchini Kenya kwa hoja kwamba wengi hawazielewi. Wengi waliuelewa wimbo wa Kifoto bila ya kuijua lugha yake, na wengi zaidi wanaendelea kuuimba "Malaika" kwa lugha wanayoijua bila ya kuona kwamba kitenzi chake kinasema mambo mawili. Fadhili William na Habel Kifoto hawapo tena. Wasikilizaji wao wa kwanza, walioondoka Voi kwa garimoshi wakiwa vijana, ni wazee sasa, na wanachokijua kuhusu maneno hayo bado hakijaandikwa.